Ushindi Anayeshindwa: Hotuba kwa Wanaoanza Kutazama Filamu za Uhalifu za Kihindi

Haya ndiyo niliyosema Jumamosi jioni kwenye mkutano wa watazamaji wa filamu hapa Dar es Salaam. Mvua iliwazuia wengi, na wengi wakaomba nakala. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Na kwa wote ambao sikuwataja, habari za jioni.

Itifaki imezingatiwa. Mwenyekiti nimemwona, na mama wa maandazi nimemwona, na hao ndio wakubwa wa leo.

Naomba mnyooshe mikono. Nani humu ndani hajawahi kuona picha ya Kihindi hata moja? Hakuna. Nilijua. Haya, nani ameona picha ya Kihindi ya uhalifu, namaanisha ya magenge, bandari, polisi na risasi, siyo ya watu kukimbizana kwenye mvua na kuimba? Mikono minne. Na mmoja ni wa fundi mitambo, huyo simhesabu.

Ndugu zangu, mtaani mtu akikuletea stori isiyoeleweka tunamwambia, "Acha picha la Kihindi." Maana yake: unatudanganya. Mimi nimelelewa na picha la Kihindi. Mjomba wangu alikuwa na duka la kukodisha mikanda ya video, na kazi yangu baada ya shule ilikuwa kurudisha mikanda nyuma kwa kalamu ya Bic mashine ikikwama. Kwa hiyo leo nimekuja kuitetea.

Nianze na sheria moja mnayoijua wote. Vibandani tulifundishwa nini? Steringi...?

Ukumbi: Hafi!

Steringi hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, atafungwa minyororo, lakini hafi. Basi leo itupeni sheria hiyo nje ya dirisha. Katika picha za uhalifu za Kihindi, zile zenyewe hasa, steringi anakufa. Na akifa, mara nyingi hauawi na adui. Anauawa na mtu aliyekula naye sahani moja.

Hilo ndilo ninalotaka mlibebe. Picha ya Kizungu ya uhalifu inakuuliza, nani kaua? Ya Kihindi haina haja na swali hilo, muuaji umeshaonyeshwa mapema na jina lake umeambiwa. Yenyewe inauliza, nyumbani kwao nani atalipa?

Turudi nyuma mwaka 1957. Mehboob Khan anatoa Mother India. Wazee wangu mliopo hapa mnaijua, msijifanye vijana. Mama mmoja wa kijijini, Radha, ameonewa na mkopeshaji maisha yake yote. Kalima shamba kwa mikono, kazika watoto. Mwanawe mmoja, Birju, anakataa dhuluma, anakuwa jambazi. Anarudi kijijini kulipa kisasi, anamuua mkopeshaji, kisha anamteka binti wa mkopeshaji huyo. Mama anashika bunduki. Anamwambia mwanawe amwache msichana. Mwana anasema, mama, wewe huwezi kunipiga mimi. Mama anapiga.

Mnaona? Mkopeshaji kaiba miaka mingi, hakuna mahakama iliyomgusa. Mtoto kaharibika kwa sababu ya dhuluma ile ile. Na hukumu inatolewa na mama, kwa mkono wake. Picha za uhalifu zilizofuata kwa miaka mingi zimeota juu ya kaburi la Birju.

Sasa njooni 1975. Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo nyumbani kwangu.

Deewaar. Neno hilo maana yake ukuta. Mwongozaji Yash Chopra, waandishi Salim Khan na Javed Akhtar, watu wawili waliokuwa wakiandika pamoja na kutajwa kwa pamoja, Salim-Javed, kama pilipili na chumvi. Baba ni kiongozi wa wafanyakazi. Wenye mgodi wanamtishia: saini, au mkeo na wanao wafe. Anasaini. Wafanyakazi wanamwona msaliti, anakimbia kwa aibu. Na watu wanamkamata mwanawe mkubwa, mtoto mdogo tu, wanamchora mkononi maneno yasiyofutika: baba yangu ni mwizi.

Nawauliza. Ukimwandika mtoto mkononi kwamba baba yake ni mwizi, unategemea akue awe nani?

Mama anawachukua watoto wawili, anakwenda Bombay, Mumbai ya leo, wanalala chini ya daraja. Yeye anabeba matofali. Mkubwa, Vijay, anapiga watu viatu rangi ili mdogo, Ravi, asome. Vijay anakua kuli bandarini, kisha anaingia kwenye magendo. Ravi anasoma, anakuwa polisi. Ukuta umesimama katikati ya nyumba.

Kuna jambo la historia hapa. India ya miaka ile ilikuwa imebana sana biashara ya dhahabu, na kitu kikibanwa mnajua kinachotokea. Dhahabu ilikuwa ikiingia pwani ya Bombay kwa majahazi kutoka Dubai. Kulikuwa na mtu wa kweli aliyeitwa Haji Mastan, aliyewahi kuwa kuli pale bandarini na kuishia kuwa tajiri wa magendo, na inajulikana kwamba maisha yake yalichochea sehemu ya stori hii. Wazee waliopita 1983 hapa kwetu, walioishi na neno "mhujumu uchumi", hawahitaji mtafsiri. Walijua kabisa bei ya bidhaa inayopita usiku.

Na kuna beji. Vijay kuli anavaa beji namba 786. Mzee mmoja Mwislamu pale bandarini anamwambia, hii namba ni ya heri, itunze. Waislamu mliomo humu mnaijua hesabu ya Bismillahi hiyo. Kijana Mhindu asiyekanyaga hekaluni, aliyemkasirikia Mungu tangu utotoni, analindwa na namba ya Waislamu. Risasi inagonga beji, anapona. Siku beji ikimponyoka... basi, mtaona wenyewe.

Halafu yale mazungumzo. Hata kama hujaiona picha umeyasikia. Ndugu wawili wanakutana usiku chini ya daraja walilolala utotoni. Vijay anamwambia mdogo wake: mimi nina majumba, nina mali, nina pesa benki, nina gari, wewe una nini? Ravi anajibu kwa upole kabisa: mimi nina mama.

Bibi yangu hakujua neno la Kihindi hata moja zaidi ya majina ya vitambaa. Alikuwa akikaa kwenye mkeka sebuleni kwa mjomba, mguu amenyoosha, anatazama. Ilipofika hapo alilia. Hakutafsiriwa na mtu.

Kabla sijaondoka hapo, jina. Vijay. Salim-Javed walimpa jina hilo mwigizaji Amitabh Bachchan katika Zanjeer ya 1973, ile iliyomfanya nyota, ambapo ni polisi anayeupiga teke kiti jambazi asikalie kituoni kwake. Wakampa tena katika Deewaar. Wakampa tena katika Don. Vijay maana yake ushindi. Wale wenye ndugu Kongo mnawafahamu kina Ushindi. Basi hesabuni picha hizi na muone huyu Ushindi anashinda mara ngapi.

Nimetaja Don, na hapa nataka mkae wima, kwa sababu stori hii ni yetu.

Don ya 1978 iliongozwa na Chandra Barot. Chandra Barot alizaliwa wapi? Tanganyika! Kijana wa hapa hapa, aliyefanya kazi benki hapa Dar es Salaam kabla ya kwenda India katika miaka ya sitini. Dada yake, Kamal Barot, alikuwa mwimbaji wa nyimbo za filamu huko. Ukipita Kisutu ukaona mzee anakunja tambuu, kumbuka kwamba ule wimbo wa tambuu la Banaras, unaopigwa mpaka leo kwenye harusi, umo katika picha ya kijana aliyehesabu noti Dar es Salaam.

Na ilitengenezwaje? Mpiga picha mmoja, Nariman Irani, alitoa filamu ikaanguka, akabaki na deni kubwa. Wenzake kazini, Amitabh, Zeenat Aman, Barot, wakakubaliana: tumtengenezee picha, auze, alipe deni. Wakachukua muswada wa Salim-Javed ambao kila mtu alikuwa ameukataa. Kabla picha haijamalizika, Irani akafariki kwa ajali kazini. Wakaendelea. Picha ikapata, na pesa zikakwenda kwa mjane kumaliza madeni. Niambieni kama huo siyo mchango wa msiba tunaoujua sisi.

Stori yenyewe ni hii. Don, bosi wa genge, anakufa mikononi mwa polisi. Ofisa mmoja anaficha maiti, anamtafuta mtu masikini anayefanana naye, jina lake Vijay (nani tena?), anamtuma ndani ya genge ajifanye Don. Anayejua siri ni ofisa yule peke yake. Na ofisa anauawa. Sasa Vijay atamthibitishiaje mtu kwamba yeye siyo Don? Polisi wanamwinda, genge linamwinda. Mtu yeyote aliyewahi kupoteza kitambulisho na kusimama dirishani akiambiwa "tutajuaje kama ni wewe" ataielewa Don vizuri kuliko profesa. Hii, nikiri, ni nyepesi kuliko Deewaar, na kuhusu steringi, humu mnaweza kupumua. Waanziao waanze nayo.

Sasa tunaruka. Naiacha miaka ya themanini karibu yote, isipokuwa neno moja kuhusu Ardh Satya ya 1983, Om Puri ni polisi mwaminifu anayeoza taratibu mbele ya macho yako. Haina utani hata kidogo. Itazameni siku mkiwa mmeshiba.

Lakini mwaka 1982 kuna jambo lazima niliseme, kwa sababu bila hilo picha za baadaye hazieleweki. Viwanda vya nguo vya Bombay viligoma. Wafanyakazi wapatao 250,000, wakiongozwa na Datta Samant. Mgomo haukushinda. Viwanda vingi havikufunguliwa tena kama zamani. Mitaa mizima ya watu wa viwandani ikabaki na vijana wasio na kazi, na magenge yalikuwa yanaajiri.

Ndiyo maana mwaka 1998 ilipotoka Satya, ya Ram Gopal Varma, watu waliona sura wanazozijua. Jambazi alikuwa ameshuka kutoka kwenye jumba lenye mtambo wa kufungua ukuta na bwawa la mamba. Sasa anakaa kwenye chumba kinachovuja. Satya ni kijana anayeshuka kwenye treni na hatuambiwi katoka wapi. Mwisho wa picha bado hujui. Anaangukia mikononi mwa Bhiku Mhatre, aliyechezwa na Manoj Bajpayee, na huyo Bhiku ndiye mnayepaswa kumtazama. Anasimama juu ya jabali, bahari nyuma yake, anapiga kelele kuuliza mfalme wa Mumbai ni nani, na anajijibu mwenyewe jina lake. Kisha anarudi nyumbani, mkewe anamgombeza. Mfalme wa Mumbai! Kagombezwa na mkewe mbele ya wageni!

Watoto wakilala, wanaume wale wale wanazungumza nani auawe kesho. Hakuna muziki wa kukutisha. Wanazungumza kama mafundi wanaopanga kazi. Na kifo cha Bhiku chenyewe, sitakisimulia, ila nikisema kinakuja haraka kuliko mtu kufunga mlango, mtanielewa mkifika.

Lugha ya humo nayo ni raha kwa sisi watu wa pwani. Bosi anaitwa bhai, yaani kaka. Pesa ya ulinzi anayotozwa mwenye duka inaitwa hafta, maana yake wiki, kwa sababu inakusanywa kila wiki. Kazi ya kumuua mtu kwa malipo inaitwa supari. Supari ni nini? Ni popoo! Popoo ile ile ya kwenye tambuu. Ukisikia fulani "katolewa popoo", jeneza limeshaagizwa. Na kazi ikiisha wanasema khalaas. Hapo hata mtu wa Tandika hataki maandishi ya chini.

(Miaka minne baadaye Varma huyo huyo alitoa Company, na sehemu yake inafika Kenya, genge la Mumbai likifukuzana kwa magari kwa majirani zetu. Wenye asili ya Mombasa mtaipenda kwa sababu hiyo peke yake.)

Nimeona kijana pale nyuma anatazama saa. Anajiuliza nyimbo je. Kijana wangu, usiziruke. Nakusihi. Katika Satya kuna wimbo wanaume wamelewa, wanacheza, wanaimba mtu apigwe risasi ya kichwa, na humo ndimo unawaona wakiwa na furaha pamoja. Ukiruka wimbo umeruka urafiki wao, halafu wakianza kufa utabaki unauliza kwa nini watu wanalia.

Mpaka hapa tumekaa Mumbai. Twendeni bara, kwenye makaa ya mawe.

Gangs of Wasseypur ni ya mwaka 2012, ya Anurag Kashyap, sehemu mbili, zaidi ya saa tano kwa jumla. Msishtuke. Tamthilia za Kituruki mnatazama vipindi mia, mtashindwa saa tano? Inaanza 1941 Dhanbad, kwa wizi wa treni, inakwenda vizazi vitatu vya familia moja inayotaka kisasi kwa mtu mmoja, Ramadhir Singh. Babu anauawa. Mwana, Sardar Khan, ananyoa kichwa, anaapa. Mwana anauawa. Mjukuu, Faizal, mvuta bangi anayeshinda sinema, anaurithi uhasama kama unavyorithi shamba lenye kesi.

Huyo Faizal ndiye sababu ya mimi kusimama hapa leo. Kuna mahali anakiri kwamba maisha yake yote alidhani yeye ndiye Bachchan wa nyumba yao, na siku alipofumbua macho akagundua yeye ni Shashi Kapoor tu, Bachchan ni mwingine. Shashi Kapoor ni nani? Ni Ravi wa Deewaar! Mdogo mtu! Jambazi wa mwaka 2012 anajipima kwa rula ya mwaka 1975. Na adui yake, mzee Ramadhir, anasema yeye amedumu kwa sababu moja, hatazami sinema. Wote waliokuja kumuua walikuwa na picha inayocheza kichwani, kila mmoja ni steringi.

Nilipoisikia mara ya kwanza nilisimamisha mkanda. Huo siyo mzaha tu. Wangapi mtaani kwetu wameingia kwenye matatizo kwa sababu kichwani muziki ulikuwa unapigwa?

Na Faizal anauawa na nani mwishoni? Na ndugu wa baba mmoja. Samahani, nimeisema. Lakini niliwaambia tangu mwanzo, swali siyo nani.

Zipo nyingine nazipitia mbio. Maqbool ya 2003, Vishal Bhardwaj kamchukua Makbeth wa Shakespeare akampeleka kwenye genge la Waislamu wa Mumbai. Wachawi watatu wamekuwa polisi wawili wapiga ramli. Paan Singh Tomar ya 2012, stori ya kweli ya mwanajeshi aliyekuwa bingwa wa taifa wa mbio za kuruka viunzi na maji, akagombana na ndugu zake juu ya shamba, polisi hawakumsikiliza, akaingia kwenye makorongo ya Chambal na bunduki. Shamba, ndugu, polisi. Mnaona mnavyotikisa vichwa? Na Andhadhun ya 2018, mpiga piano anayejifanya kipofu anaingia kwenye nyumba yenye maiti na inambidi aendelee kupiga. Ukianza nayo hiyo hutalala.

Ya mwisho ni Drishyam ya 2015. Asili yake ni ya Kimalayalam, kusini ya India, kwa sababu siyo kila picha ya India ni ya Kihindi, tusiwaonee watu wa kusini. Mwanamume wa Goa, darasa la nne, ana ofisi ndogo ya kuunganishia watu televisheni za kebo. Usiku hatoki, anatazama filamu mpaka asubuhi. Mkewe amechoka naye. Siku moja binti yake anamuua kijana aliyemtishia kumwaibisha, na kijana huyo ni mtoto wa mkuu wa polisi, mama mmoja wa chuma aliyechezwa na Tabu. Baba huyu hana pesa, hana wakili, hana ndugu mkubwa serikalini. Ana filamu tu alizozitazama. Anaanza kuitengenezea familia yake picha: tarehe 2 Oktoba tulikuwa wapi, tulikula nini, nani alituona.

Jina lake nani? Semeni.

Ukumbi: Vijay!

Basi. Huyu naye mtaniambia kama kashinda.

Usiku wa leo tunaonyesha Deewaar. Kabla fundi hajazima taa niwamalizie habari ya bibi yangu, kwa sababu kulia kwake hakukuwa mwisho. Karibu na mwisho wa picha, Ravi anatumwa kumkamata kaka yake. Mama mwenyewe anamkabidhi bastola. Anamwombea mkono wake usitetemeke wakati wa kupiga. Kisha anasema mwanamke amekwisha timiza wajibu wake, sasa mama anakwenda hekaluni kumsubiri mwanawe.

Mkanda ulipokwisha bibi alijifuta macho kwa ncha ya khanga akasema, "Kafanya sawa." Mama yangu akamgeukia. "Sawa gani, mama? Kampa huyu bunduki akamuue yule?" Bibi akasema, "Na wewe ungempa nani?" Walinuniana mpaka asubuhi, na mama mpaka leo ukimtajia bado anasema hapana.

Viti vya mbele bado vipo, wanaosimama mlangoni ingieni. Fundi, zima taa.